Kalamu ya Maria Callas Ghalani

Kijijini kwetu Kinjumbi, peni haina mwenyewe. Ukiitoa mfukoni mbele za watu, umekwisha kuiweka wakfu. Itasaini barua ya mtendaji, itaandika namba ya simu kiganjani mwa dereva wa bodaboda, italala kidogo juu ya sikio la fundi cherehani, na jioni utaikuta kwa mtoto wa darasa la pili, haina kifuniko wala kitako. Hatugombani kwa hilo. Peni ya shilingi 500, nani aende nayo barazani kwa wazee?

Katika utaratibu huo mwema ndipo mpwa wangu baharia aliponiletea kalamu ya Maria Callas.

Montblanc, kampuni ya Hamburg, Ujerumani, ina kalamu za kuwaenzi wanawake mashuhuri. Yumo Marilyn Monroe, yumo Elizabeth Taylor, na yumo huyu Callas, mwimbaji wa opera. Ni kalamu ya kujazwa wino, ncha ya dhahabu, na bei yake inavuka dola 1,000 za Marekani. Mpwa wangu hakuinunua. Ana akili zake. Alipewa na bibi mmoja wa Kizungu, abiria wa meli aliyokuwa akihudumu, eti kwa kumbebea mizigo bila kununa. "Mjomba, mwenye kuandika kwetu ni wewe," akaniambia, akaweka mezani sanduku ambalo lingeenea jozi ya viatu. Ndani mna kalamu moja. Mke wangu aliendelea kupekua vitambaa vya sandukuni akiitafuta zawadi yenyewe.

Callas alizaliwa New York mwaka 1923, wazazi wake Wagiriki, akafia Paris mwaka 1977. Kijana alituwekea sauti yake kwenye simu, kipande cha Norma, opera ya Bellini ambayo mama huyo aliiimba jukwaani zaidi ya mara 80. Wakati huohuo jirani yetu, bibi mtu mzima, alikuwa amekuja kuazima ungo. Akasimama mlangoni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyu anamdai mtu," akasema. "Na halipwi."

Nikamweleza kisa. Norma ni kuhani wa kike, kazaa watoto wawili kwa siri na mkuu wa Kirumi, na yule bwana sasa kahamishia moyo kwa binti mwingine. Bibi akachukua ungo wake. "Sasa mlitaka aseme kwa sauti ya chini?" Nimesoma maelezo mengi ya opera hiyo, marefu na ya kitaalamu. Hakuna lililonitosha kama hilo.

Balaa ilianza msimu wa ufuta. Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda ghalani na magunia yangu, na mfukoni sikuwa na kalamu nyingine. Zote zilikuwa kwa wenyewe wengine. Karani peni yake ikakata. Akainua macho, akakiona kishikizo kinang'aa mfukoni mwangu. "Mwalimu, hebu hiyo."

Asiyejua stakabadhi za mazao nimweleze. Kitabu kina karatasi tatu na kaboni katikati: moja ya mkulima, nyingine zinabaki kwa wenye ghala. Kaboni haitaki ufundi, inataka nguvu. Ndiyo maana karani wetu huandika kwa bega. Kalamu ya wino nayo imeumbwa kinyume chake: wino unashuka wenyewe kwenye mfereji mwembamba wa ncha, mkono unaongoza tu, na ukikandamiza unapanua ncha. Karani akaandika jina langu, akaandika kilo zangu, mwandiko mzuri hata wa nyuma wakavutiwa. Akafunua karatasi ya pili: nyeupe. Ya tatu: nyeupe zaidi. Kwa mujibu wa nakala za ghala, mimi siku hiyo nilikuja kusalimia.

"Kalamu mbovu," akasema mmoja.

Haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, ila kazi yake haikuwapo pale. Hapo kila mwenye gunia akawa fundi. Wa kwanza akataka isuguliwe viganjani ipate joto. Wa pili akataka ncha ipulizwe. Wa tatu hakusema, aliichukua akaitikisa, na matone ya bluu yakaruka hadi kwenye kanzu nyeupe ya mpima mizani, aliyeivaa makusudi apitilize msikitini. Wakampangusa kwa maji. Wino wa kalamu hizi kwa kawaida ni maji na rangi, hivyo maji ukayapokea kama ndugu, ukatandaa kutoka kifuani hadi kiunoni. Stakabadhi yangu nayo, kwa jasho la mkono wa karani, ikapoteza kilo zote, zikabaki wingu.

Nilipoanza kusaini, kalamu ikakauka katikati ya jina langu.

Nikaona niwatulize watu kwa historia. Nikawaambia kwamba tarehe 2 Januari 1958, mjini Roma, Callas mwenyewe aliimba sehemu ya kwanza ya Norma mbele ya Rais wa Italia, Giovanni Gronchi, sauti ikamkatika, na hakurudi tena jukwaani usiku ule. Watu walighadhibika, lakini Rais alikuwa ameketi.

"Huyo Rais," ikauliza sauti kutoka nyuma, "alikuwa na gunia juani?"

Mama mmoja akafungua pindo la kanga, akatoa peni ya dukani iliyotafunwa kisogo. Karani akainama nayo kwa bega zima. Karatasi tatu zikapata maandishi, na meza pia ikapata nakala yake.

Dukani nilipouliza wino wa kujazia, nikaletewa wa muhuri. Nikashukuru, nikaondoka.

Sina ugomvi na Callas. Ila nasi tuna wetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880, akauza vyungu, hakusoma shule, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kuimba kwenye sahani za santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Watengenezaji wa kalamu wakitaka kumuenzi, nawaomba iwe kalamu inayopita kaboni tatu, isiyogombana na jasho, yenye tundu la kufungia uzi kwenye meza ya karani.

Ya Callas, inauzwa. Haina kosa lolote, ila haijui kilimo. Bei tutaelewana, hata ufuta napokea, mradi stakabadhi tuandikiane kwa peni nyingine.