Sampu Inayovuja na Balaa la Tyubu Nzima

Ukilaza Corolla yako Kashikishi, ufukweni mwa Ziwa Mweru, jirani na soko la samaki, na asubuhi ukakuta mchangani doa jeusi la ukubwa wa sahani ya nshima, usimwite bado yule fundi anayetembea na tyubu ya silikoni mfukoni. Chuchumaa kwanza, uchungulie.

Oili ina tabia ya mtoto mdokozi: unapomkuta sipo alipodokolea. Huweza kuanza kuvuja kwenye kifuniko cha vavu, juu kabisa, ikateremka ubavuni mwa injini na kudondokea kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini. Maskini sampu inafunguliwa kwa kosa la jirani yake wa ghorofani! Basi injini ikiwa baridi, ioshe, iache ikauke, halafu nyunyiza poda ya mtoto. Huna poda? Chukua unga wa muhogo kidogo tu, jiko gani la mkoa huu wa Luapula litaukosa? Zunguka na gari mwendo mfupi, rudi utazame. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo yenye kesi.

Ikiwa ni sampu kweli, utatokea mtu wa kukwambia aipake silikoni kwa nje, palepale, oili ikiwa inachuruzika. Mkatalie. Muulize mvuvi yeyote wa Mweru kama mtumbwi huzibwa ukiwa umejaa maji. Silikoni haishiki kwenye mafuta, na kiraka hicho kitabanduka kabla hujafika Mwansabombwe.

Lakini usiidharau silikoni yenyewe. Toyota nyingi ndogo hutoka kiwandani sampu zake zikiwa hazina gasketi ya karatasi wala ya mpira. Kuna mstari mmoja wa silikoni tu kati ya chuma na chuma. Kinachoharibu ni papara, na mkono mzito.

Inua gari. Mchanga wa ufukweni haubebi jeki, kwa hiyo tandika ubao mpana chini yake, zuia magurudumu kwa mawe, weka stendi, na usiingize kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Mwaga oili ikiwa ya uvuguvugu, yote iingie kwenye dumu lenye kifuniko. Hapa sina mzaha hata chembe: juu ya mchanga huohuo ndipo chisense, dagaa wa ziwani, huanikwa, na maji yale ndiyo watu wanachota. Oili chakavu ipeleke kwenye karakana inayokusanya, isikaribie ziwa.

Fungua bolti zote, nyingi ni za spana namba 10. Sampu itagoma kutoka. Ibembeleze kwa kisu chembamba cha kukwangulia na nyundo ya mpira. Bisibisi itaacha mkwaruzo, na mkwaruzo ndio mlango wa mvujo ujao. Ikishatoka, mulika chujio la pampu ya oili. Siku moja nilifungua injini ya gari lililokuwa limepita kwa fundi anayemimina tyubu nzima. Chujio lilikuwa limejaa minyoo myekundu ya silikoni, laini, iliyokatika kutoka kwenye ukingo. Niliitoa kwa kibano, mmoja mmoja, nikaipanga juu ya gazeti: 14. Taa ya oili ilikuwa imemsumbua mwenye gari wiki nzima, naye alikuwa ameambiwa ni waya. Kumbe pampu ilikuwa ikifyonza kwa taabu, na vyuma vya ndani vikisagana kwa kiu. Niliumia, kwa sababu gari lile ndilo lililokuwa likilisha nyumba yake.

Sasa kwangua. Kwangua sampu, kwangua na upande wa injini, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe chenye petroli kidogo, mbali na moto na sigara. Kitambaa kikirudi na weusi, rudia. Kikirudi cheupe, pitisha kidole kikavu. Kikiteleza, bado. Angalia pia matundu ya bolti: waliokaza kwa hasira huacha kingo zimebonyea. Laza ukingo juu ya gogo bapa, ugonge taratibu mpaka unyooke. Kazi hii hula nusu siku, na ndiyo kazi yenyewe.

Silikoni inunue ile iliyoandikwa kwamba ni ya injini na haidhuru sensa zake. Inayonuka siki ni ya madirisha, iache ikae na madirisha. Chora mstari mmoja usiokatika, wenye unene wa mrija wa wino ulio ndani ya kalamu, milimita 3 hadi 4, ukipita upande wa ndani wa kila tundu. Mkono ukikuwasha kuongeza, kumbuka ile minyoo. Rudisha sampu ndani ya dakika chache, shika bolti zote kwa vidole, kisha zikaze kwa kupishana kuanzia katikati, kwa spana fupi na nguvu ya kifundo cha mkono tu. Begani pana nguvu za kuvunjia bolti.

Halafu subiri. Silikoni hii hugandishwa na unyevu wa hewa, na ufukweni unyevu haununuliwi, lakini bado ipe saa 24 kabla ya kutia oili. Mwenye gari atasema ana safari ya Mansa saa nane mchana. Mpe kiti, mpe chai, funguo kaa nazo. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ziwani na mizigo ya samaki kupungua, hata madereva wakaidi huwa na muda.

Kesho yake weka washa mpya kwenye bolti ya kumwagia oili, tia oili mpaka alama ya juu ya kijiti, washa injini kidogo, zima. Tandaza katoni chini ya gari, ukalale. Alfajiri, kina mama wakianza kumwaga chisense mchangani, piga magoti uivute katoni ile: kavu, na jina la sabuni lililochapwa juu yake linasomeka lote.