Namna ya Kuchelewa Ubatizo Bila Kuisingizia Feri

Kwa miaka mingi, mtu wa Mwanza aliyealikwa ubatizo Bukoba alikuwa na utetezi usiopingika. Alipiga simu huku bado anatafuta soksi ya pili nyumbani kwake Igoma, akasema, "Tuko Kigongo, foleni ya feri haisogei," na wenyeji wakampa pole. Nani angebisha? Foleni ya Kigongo ilimeza saa nzima, siku nyingine saa mbili, na hakuna aliyeweza kwenda kuhakiki.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 za zege kutoka Kigongo hadi Busisi, zilizogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Utetezi ule ulikufa siku hiyo hiyo. Sasa maji yanavukwa kwa dakika chache tu, na koo zenye mila ndefu ya kuchelewa zimebaki yatima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Kwanza, litumieni daraja lenyewe kama sababu ya kuchelewa. Zamani mwenye akili aliondoka siku moja kabla, kwa kuihofia feri. Ninyi semeni hivi: "Siku hizi Bukoba ni hapo tu. Ubatizo ni Jumamosi saa nane mchana, tutaondoka Jumamosi hiyo hiyo alfajiri." Ni kilomita mia nne na ushei. Kwenye karatasi inawezekana kabisa.

Fungueni kundi la WhatsApp kwa herufi kubwa, UBATIZO WA MJUKUU WETU, na mteue mweka hazina mwenye moyo mgumu. Kila jioni atatuma orodha ya michango, safu moja ya ahadi na nyingine ya taslimu. Aliyeahidi laki moja apongezwe kwa vikofi vya emoji na apewe kiti cha mbele kwenye gari. Aliyetuma elfu ishirini akumbushwe kwamba hakutuma na ya kutolea. Kitenge cha sare wakichague mashangazi watatu wasioelewana, kisha kifike kwa fundi Jumatano. Fundi atasema Ijumaa jioni kitakuwa tayari. Mwaminini, alisema hivyo hivyo kwenye harusi ya wazazi wa mtoto.

Atatokea kijana wa kupendekeza meli. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, mtalala njiani na kuamkia Bukoba. Bibi hatapanda. Waliokuwa Mwanza Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hawamuulizi sababu, na hapo hata mwongozo huu hauna utani. Twendeni kwa barabara.

Kodini Noah. Viti ni vinane, nanyi mko watu wazima wanane. Watoto hawahesabiwi kwa sababu wanapakatwa, akiwemo yule aliyemaliza darasa la saba mwaka jana na sasa ana miguu mirefu kuliko dereva. Nguo zilizopigwa pasi ziwekwe chini kabisa, juu yake gunia la michembe, juu ya michembe ndoo ya sato waliokaangwa, kutoka Mwaloni, Kirumba. Mtu asije akasema kwamba Bukoba nako ni ziwani, ziwa hilo hilo, samaki hao hao. Bibi anapeleka sato wa Mwanza, na neno hilo limeshafungwa. Keki ipakatwe na shangazi mnene, ambaye hatashushwa wala kuguswa mpaka mwisho wa safari.

Saa ya kuondoka itangazwe kuwa saa 11 alfajiri kamili. Dereva, kwa kuwa si wa ukoo, atafika saa 11. Bibi atakuwa ameketi mlangoni tangu saa 9 usiku na mkoba mapajani, na jambo hilo mtalisikia hadi Muleba. Wengine ndio kwanza mnachemsha maji ya kuoga. Kunyweni chai, kwa sababu hakuna anayejua mtakula wapi. Kisha mjomba aongoze sala ya safari. Ataliombea gari, tairi moja moja, atawaombea askari wa barabarani wapate mioyo laini, atawataja marehemu wa pande zote mbili za ukoo, na atakapofika kwenye "hatimaye" msifumbue macho, kwani bado kuna wagonjwa. Mtatoka saa 2 na nusu. Mkifika Buhongwa, mama wa ubatizo akumbuke kwamba barua ya paroko wake imebaki juu ya friji. Rudini.

Usagara, mnapokata kulia, mjomba atahamia historia. Ataeleza kwamba karibu na hapo ndipo ilipo Bukumbi, misheni iliyofunguliwa na Mapadre Weupe mwaka 1883, na ataomba dereva achepuke "dakika tano tu". Ubaya wake ni kwamba mwaka ameutaja sahihi, kwa hiyo hamtampata pa kumshika.

Daraja mtalivuka haraka mno. Fidieni muda huo kwa kusimama upande wa Kigongo kupiga picha: ukoo mzima, kisha wanawake watupu, kisha keki peke yake. Bibi atauliza feri iko wapi, na hapo mtajifunza jambo ambalo wahandisi hawakulipigia hesabu. Kwake, foleni ile ilikuwa mkahawa. Mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, karanga, habari za waliofiwa Sengerema, vyote vilimjia dirishani. Sasa amevuka ziwa na njaa yake.

Kuanzia hapo dereva ataombwa akimbize. Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na nyuma ya mti fulani kuna tochi. Faini ni shilingi 30,000 na itatoka kwenye fungu la vinywaji, maana mweka hazina amekaa juu ya fungu la keki.

Geita hadi Chato ni sehemu ya mgogoro wa wasimamizi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaruhusu msimamizi mmoja, au wawili wakiwa mwanamume na mwanamke. Awe ametimiza miaka 16, awe na kipaimara, asiwe mzazi wa mtoto. Ndani ya gari wako wanne walioahidiwa na baba wa mtoto kwa nyakati tofauti, kila mmoja kwa siri. Mjomba atakapofika kwenye kipengele cha kuishi maisha yanayopatana na imani, gari zima litanyamaza na kutazama migomba.

Jina nalo lina kesi yake: upande wa mama wanamwita Mabula, upande wa baba Mugisha. Msilimalize njiani, mtakosa la kuzungumza wakati wa kurudi.

Saa 8 mchana simu italia. Msiseme mko Kemondo kama mko Katoro. Shemeji wa siku hizi habishani, anasema tu, "Tuma lokesheni."

Mtaingia Bukoba jua likielekea kuzama, sare zikinuka sato. Mtoto ameshabatizwa, amelala, na wenyeji wamewawekea ndizi, maana walijua. Paroko hakusubiri, na hakuwa na sababu: anachohitaji ni mtoto, maji, maneno yale ya Utatu, na msimamizi akiwepo. Sisi wengine wote tuliobaki ni abiria. Kwa hiyo, ndugu msomaji, msimamizi mpandisheni basi la Ijumaa asubuhi pale Nyegezi, na barua yake ya paroko mfukoni. Noah ifuate itakapofuata.