Anzisha Ligi Yako ya Fantasi Katikati ya Msimu: Mwongozo kwa Anayeburuza Mkia

Ligi za Fantasi huanzishwa Agosti, kila mtu akiwa na pointi sifuri na matumaini tele. Wewe ya Agosti unayo, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Sasa ni Desemba, anayeongoza amekuacha kwa pointi mia mbili na ushee, na kwenye kundi la WhatsApp hakuna tena anayekutania. Mtu akishaacha kutaniwa, ajue wenzake wameshamzika. Dawa ni moja: fungua ligi mpya, jipe uenyekiti, kisha tangaza kwamba unafanya hivi kwa ajili ya watu waliochelewa kujiunga. Watu wenyewe usiwataje. Sema tu "wengi wameniomba."

Kwa bahati nzuri, Fantasy Premier League, mchezo uliopo tangu msimu wa 2002/03, umewafikiria watu wa aina yako. Ukifungua ligi binafsi unaulizwa pointi zianze kuhesabiwa raundi ya ngapi. Chagua raundi ijayo, na zile mia mbili za jamaa yako zinayeyuka. Kwingine bado anazo, lakini humu ndani ni sawa na wewe, sifuri kwa sifuri. Ukishapata msimbo wa kujiunga, mtumie yeye wa kwanza kabisa. Ligi ya kulipiza kisasi bila mlengwa ni kupoteza bando.

Kuhusu raundi ya kuanzia, pana njia ya haki na njia yako. Ya haki ni raundi ya 20. Tangu msimu wa 2025/26 kila karata maalumu, kuanzia waildikadi hadi ile inayompa nahodha pointi mara tatu, hutolewa mara mbili: moja kwa kila nusu ya msimu. Za nusu ya kwanza zisipotumika hadi raundi ya 19, zinaoza. Kwa hiyo raundi ya 20 kila mtu ana karata zake mpya mkononi, na hakuna wa kulalamika. Njia yako ni kukagua kwanza. Ikiwa wenzako wameshamaliza za kwanza nawe zako zote bado zimelala kwa sababu ulizisahau, ligi ianze raundi ya 17, na sababu rasmi iwe sikukuu.

Enzi za AFCON ya Desemba na Januari hata sababu hazikuhitajika. Salah akienda kuichezea Misri na nusu ya kikosi cha kila mtu ikiwa Morocco, nani angeuliza kwa nini tunaanza upya? AFCON ya 2027 tumeiomba wenyewe, Kenya, Uganda na Tanzania, na imepangiwa katikati ya mwaka, Waingereza wakiwa likizo. Kama kanda tumejinyima kisingizio cha maana.

Sasa tuje kwa wanachama. Unahitaji angalau watatu ambao hawajawahi kucheza, maana hao ndio watakaokaa chini yako. Shemeji anafaa. Mtu wa uhasibu anayesema "mimi mpira naangalia tu" anafaa zaidi. Mweleze kwamba atapewa pauni milioni 100 za kununua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka timu moja, na kwamba kabla ya raundi yake ya kwanza anaweza kubadilisha kikosi mara anazotaka, bure. Yote hayo ni kweli, na yanapendeza masikioni.

Usilopaswa kumweleza ni bei. Beki uliyemnunua milioni 5 Agosti sasa anauzwa 5.4, na hilo ndilo soko atakaloingia yeye: bei za leo kwa pesa za Agosti. Wewe ukimuuza unapata 5.2, kwa sababu mchezo hukata nusu ya faida, lakini kikosi chako kizima kimeshanenepa kimya kimya. Wenye macho mazuri huwa wanafika milioni 103 au 104 kabla ya mwaka mpya. Hata wewe unayeburuza mkia lazima kuna mmoja uliyembahatisha. Shemeji atashangaa mbona wewe una mshambuliaji ambaye yeye akimweka anabaki na kipa wa milioni 4 na benchi la watu wasiocheza. Mwambie ni uzoefu.

Halafu unda uongozi. Ligi ya watu wanane inahitaji mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina na msemaji. Hao wanne walio chini yako hawatakupinga, kwa kuwa wamo serikalini, na watatu waliobaki ndio wananchi. Kiingilio kiwe kidogo kiasi kwamba hakuna atakayekataa, na kikubwa kiasi kwamba mweka hazina atapatwa na msiba wa ghafla mwezi Mei. Sisitiza kila anayetuma aongeze na ya kutolea. Ligi nyingi nzuri zimevunjika kwa sababu ya makato na si kwa sababu ya Haaland.

Aina ya ligi? Ya kawaida, inayojumlisha pointi. Ile ya ana kwa ana, ya kukutana na mtu mmoja kila wiki, ina raha yake, ila ina hatari isiyosemwa: mkiwa idadi witiri, mfumo unawaongezea timu isiyo na mtu, ambayo hupata wastani wa pointi za wiki. Kufungwa na shemeji kunavumilika. Kufungwa na wastani utakuelezaje nyumbani?

Suala la muda lina faida kubwa kwa mwenyekiti anayejua kunyamaza. Mlango wa kubadilisha kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Wakati wa baridi ya Uingereza, mechi ya mapema ya Jumamosi huanza saa 9:30 alasiri kwetu, hivyo mlango hufungwa saa 8:00 mchana. Jumapili ya mwisho ya Machi wenyewe husogeza saa zao mbele, na kuanzia hapo ni saa 7:00. Kila mwaka kuna watu wanaofika saa 7:40 na mabadiliko yao mkononi. Kwenye kundi tuma picha za maua na "Jumamosi njema." Ya saa kaa nayo.

Kuhusu unahodha sina ushauri mrefu. Nahodha hupata pointi mara mbili, na watu wenye haraka ya kupanda hupenda kumpa mtu asiyechaguliwa na wengine ili waonekane wajanja. Msimu wa 2024/25 Salah alivuna pointi 344, rekodi ya mchezo huu, na bado palikuwa na wajanja waliomwona ghali.

Hatari ya kweli haitoki kwa jamaa anayekuongoza. Inatoka kwa timu mzimu. Katika kila ligi yupo aliyejiunga kwa sababu ulimsumbua, akabonyeza kitufe cha kujichagulia kikosi, akatuma hela na ya kutolea, na hakuirudia tena programu ile. Hahangaiki, hafukuzii mfungaji wa wiki iliyopita, hakatwi pointi 4 kwa kila uhamisho wa ziada kama unavyokatwa wewe kila Ijumaa usiku. Kufikia Aprili utamkuta juu yako, na kipa wake amevunjika tangu Februari.

Na usitegemee sheria ikuokoe. Mkilingana pointi, mchezo humweka juu aliyefanya uhamisho mchache zaidi. Yeye hana hata mmoja. Kwa hiyo siku ya mwisho, Jumapili ile ya Mei ambapo mechi zote kumi huanza kwa pamoja, jiandae kutekeleza jukumu la mwisho la mwenyekiti: kumpigia simu mshindi na kumwomba namba ya kutumia zawadi. Atauliza ligi gani.