Kwenda Kuposa Ujiji: Mwongozo kwa Mkwe Asiyejua Redio ya Nani Ni ya Nani

Umepata mchumba wa Ujiji, hongera. Mshenga amekwisha kukuelekeza namna ya kupiga hodi, nani apewe shikamoo ya kwanza, na kwamba ukiletewa ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese usiulize kama kuna wali. Ambalo hakukueleza ni kwamba siku hizi posa haivunjwi na mahari. Inavunjwa na taarifa ya habari.

Anza kwa Baba Mkubwa, maana bila yeye hupewi mtu. Utamkuta barazani, redio yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke, amefungulia TBC Taifa. Akiichoka anahamia Uhuru FM, redio ya chama chake, CCM, na hapo anahesabu kwamba amesikiliza pande zote. Atakuambia kwamba enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam nchi nzima ilisikia sauti moja na watu walikuwa wamoja. Itikia. Usimkumbushe kwamba walikuwa wamoja kwa sababu mwenye lake la kusema alilimeza. Redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994 yeye alisema hizo ni fujo, na hajabadili kauli. Usimtajie pia Agosti 2021, pale gazeti la Uhuru, la CCM yenyewe, lilipofungiwa siku 14 na serikali ya CCM. Mpaka leo hajapata wa kumlaumu, na mzee asiye na wa kumlaumu ni hatari kwa mgeni.

Ukivuka ua utamkuta Shangazi, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi. Huyu ndiye mgumu, kwa hiyo msikilize vizuri. Zamani yeye na Baba Mdogo walikuwa damu moja na gazeti moja: Tanzania Daima, lililokuwa likihusishwa na Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo. Waliligawana kurasa, mmoja anasoma huku, mwingine kule, kisha wanabadilishana. Ikaja Novemba 2013, Kamati Kuu ya Chadema ikamvua Zitto Kabwe unaibu katibu mkuu, na Machi 2015 chama kikamfukuza. Kumbe watu wa Kigoma walikuwa wakimsoma kijana wao katika gazeti la upande uliomtimua! Shangazi alisoma wiki moja, ya pili akaanza kufungia dagaa. Baba Mdogo aliendelea kununua, akisema gazeti halina kosa. Wanaishi ua mmoja na wanatumiana salamu kupitia watoto.

Hapo utafikiri umeshajua nani ni nani. Pole. Kigoma Mjini, jimbo lenye Ujiji ndani yake, ni mahali ambapo Dk. Aman Walid Kabourou alikuwa mbunge wa Chadema, kisha akahamia CCM. Mwaka 2015 Zitto alishinda jimbo kwa ACT-Wazalendo na chama chake kikachukua Manispaa. Mwaka 2020 akatangazwa Kirumbe Ng'enda wa CCM. Mwaka 2025 akatangazwa Clayton Chipando, yaani Baba Levo, mwanamuziki na mtangazaji wa redio aliyewahi kuwa diwani wa ACT na sasa ni wa CCM. Wanasiasa wanahama na begi dogo. Wasomaji na wasikilizaji wao hubaki na uadui ambao wanasiasa wenyewe wameshausahau. Serikali ilipoifutia leseni Tanzania Daima Juni 2020, Shangazi alimpelekea Baba Mdogo sahani ya dagaa bila kusema neno. Leseni iliporudishwa Februari 2022, sahani haikurudi tena.

Vijana ni rahisi kuwatambua: wana bando. Hawasomi gazeti, wanaangalia TV za mtandaoni. Mmoja anafuata zile zinazomwita kila mkosoaji msaliti, mwingine anafuata zile zinazomwita kila anayesifu chawa. Wanakaa kitanda kimoja na kila mmoja amevaa spika zake za masikioni. Mtandao wa X ulipofungwa Mei 2025, huyu wa pili akaingilia kwa VPN, yule wa kwanza akasema ni kosa kisheria, na dada yao, mchumba wako huyo, akawanyang'anya simu wote wawili. Hapo umepata mke.

Sasa grupu la WhatsApp. Watakualika uingie, kataa kwa adabu, sema simu imejaa. Lilikuwa moja, la ukoo mzima, la kutakiana Ijumaa njema na kuchangia misiba. Siku moja ikarushwa klipu, ikajibiwa kwa klipu, Shangazi akaambiwa ametumwa, akaleft. Baada ya mwezi yakawa magrupu mawili, kila moja likijiita la ukoo. Admini mkali kuliko wote haishi hata Kigoma, yuko Muscat. Anaamka anaforwadi, analala anaforwadi, na hajamuuguza mtu yeyote ndani ya ua ule. Nimeshaona wa aina yake kwenye koo nyingi. Aliye mbali hapungukiwi kitu akigombana na jirani.

Hili la magrupu lichukulie kwa uzito, kwa kuwa halikuishia kwenye siasa. Bibi mmoja wa ukoo alifariki Kasulu, tangazo likawekwa grupu la kwanza. Wa grupu la pili walizipata habari marehemu akiwa ameshazikwa. Hakuna aliyewaficha kwa makusudi. Kila mtu aliamini wote wanasoma anachosoma yeye.

Ukibanwa useme chochote, sema Simba na Yanga. Watu wanatukanana kwa haki, lakini filimbi ikilia wote wamesikia mbili kwa moja, na hakuna redio itakayosema ilikuwa sare.

Kuna shemeji mmoja atakaa pembeni na kula polepole. Huyo alitoka Burundi Mei 2015, akapita Kagunga pamoja na maelfu waliojazana kwenye kijiji kile cha ufukweni, akaletwa Kigoma na MV Liemba. Usimchekeshe kwa habari za redio. Kwao, jaribio la mapinduzi liliposhindwa mwezi ule, vituo vya watu binafsi vilishambuliwa, RPA na vingine. Na Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, nayo ilishambuliwa na wale waliokuwa wakiipinga. Kuna ndugu zake waliojua nani wa kumwamini kwa kusikia tu ni kituo gani kinaunguruma jikoni. Jirani yao Rwanda walishaonja zaidi ya hapo kwa redio ya RTLM katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na mahakama ya kimataifa ya Arusha ikawahukumu waanzilishi wake mwaka 2003. Huyu shemeji ndiye pekee nyumbani humo anayezima redio watu wakianza kuinua sauti. Kaa karibu naye.

Usiulize pia habari za Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu na ya maandamano. Intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na vijana wakarudi barazani kwa Baba Mkubwa kwa kukosa pa kwenda. Walisikiliza redio ile yenye mpira wa baiskeli, wakaulizana nani ana ndugu Dar es Salaam, nani ana ndugu Mwanza, nani amepatikana kwa simu ya kawaida. Shangazi alivuka ua. Mtandao uliporudi kila mmoja alipata maelezo yake ya yaliyotokea, na idadi yake ya waliokufa, na akarudi nayo chumbani kwake.

Basi nenda, na Mungu akusaidie. Ila mwambie mshenga jambo moja: jibu la posa asikubali liwekwe kwenye grupu lolote. Litolewe kwa mdomo, atumwe mtoto apite mlango kwa mlango, kwa Baba Mkubwa, kwa Shangazi, kwa Baba Mdogo. Vinginevyo nusu ya wakwe zako watakuambia hawakupata taarifa, na watakuwa wanasema kweli.