Baba, Hii Ina Akili

"Shikamoo baba. Hii ni 4K, pikseli 3,840 kwa 2,160."

"Marahaba. Sauti inafika jikoni?"

Muuzaji wa Kariakoo anajibu kwamba ina Bluetooth. Mzee mwenye mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili anatikisa kichwa kwa adabu. Yeye anataka taarifa ya habari ya saa mbili usiku, basi.

Lakini televisheni za siku hizi haziwashwi, zinabembelezwa. Zinataka nywila ya Wi-Fi, akaunti ya Google, na ukubali masharti marefu kuliko hati ya kiwanja. Zikisharidhika zinajisasisha zenyewe, kwa bando lako. TV ya chogo ilikuwa mjinga wa heshima: hata mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012, iliomba king'amuzi tu, haikuuliza tarehe yako ya kuzaliwa.

Kama ina king'amuzi cha DVB-T2 ndani, jambo lenye faida kwa mzee, kijana muuzaji hagusii. Anasifia rimoti: kitufe cha Netflix, cha YouTube, cha kuongea nayo. Namba hakuna hata moja.

"Na TBC nabonyeza wapi, mwanangu?"

Kijana anamwita mwenzake.