Ameingia Mitini

(Ukumbini, usiku. Katambuga yuko nyuma ya mlango, Lapa chini ya kochi, Simu juu ya meza ikichajiwa.)

SIMU: Shikamoo babu.

KATAMBUGA: Marahaba. Unacheka nini peke yako?

SIMU: Bosi katoka kwenye kundi la harusi ya binamu yake. Kimyakimya! Tangu 2022 WhatsApp inaruhusu: ukijitoa, anayejulishwa ni msimamizi tu.

KATAMBUGA: Aliahidi ngapi?

SIMU: Laki mbili.

KATAMBUGA: Basi ameingia mitini.

SIMU: Mitini wapi? Yuko chumbani, kajifunika shuka.

KATAMBUGA: Mjukuu wangu, mie nimekatwa kwenye tairi la lori, nimezisikia baraza nyingi. Mtu anasimama, anakung'uta kanzu: "Jamani, mwenda kwao si mtumwa, ngoja nichape lapa." Wanacheka. Anakaa tena, anamalizia kahawa. Mwingine anasema anatia guu njiani. Wa tatu anaaga kwamba anakata mbuga, na kwake ni nyumba ya pili kutoka hapo! Alamsiki, binuru. Halafu mwenyeji anamsindikiza mgeni mpaka kwenye mwembe, na hapo ndipo umbea wenyewe unapoanza.

LAPA: Miaka yote hiyo nachapwa mimi, na hakuna aliyeniuliza kama naumia.

KATAMBUGA: Nyamaza, plastiki wee.

SIMU: Lakini babu, akiaga kundini ataulizwa mchango uko wapi.

KATAMBUGA: Na aulizwe! Angesema, "Wenzangu, mfuko umetoboka, pokeeni elfu kumi hii, mie nachanja mbuga," wangemcheka leo, Jumamosi wangempakulia pilau. Sasa pilau ataliona kwenye picha. Na huyohuyo, binamu akifa, ndiye atakayewahi kuandika "buriani" na mishumaa mitatu. Aliye hai hakumuaga, anamuaga maiti! Watu wazima, wenye ndevu, mnaondoka kwa ndugu zenu kama paka aliyeiba samaki. Hamna haya!

SIMU: Usinifokee mimi babu, mimi hata miguu sina.

KATAMBUGA: Kidole gumba unacho. Unakirusha kila mtu akimaliza kuongea.

(Hodi mlango wa mbele.)

SIMU: Lo! Sauti ya mweka hazina wa kamati.

KATAMBUGA: Bosi wako yuko wapi?

LAPA: Kanivaa! Tunatokea uani!