Pauni 60 za Kushikwa Kisogo

Ukiwa na binti anayeishi Uingereza, ujue kuumwa kwako si siri yako tena. Kwetu Tanga kichwa kikigonga nameza Panadol mbili, nafunga dirisha, na nyumba nzima inajua baba kalala, watu wapunguze redio. Hapa Reading nilitamka mara moja tu, tena kwenye chai, kwamba shingo imekaza na kisogo kinauma. Kikombe hakijaisha, binti ameshanichukulia miadi. Daktari wa kawaida alikwisha sema ni misuli, nipunguze kuinamia simu. Ushauri wa bure huo, na kwa kuwa ni wa bure hakuna aliyeuheshimu. Miadi ilikuwa ya osteopathi ya fuvu.

Nikadhani nakwenda kukandwa, na kukandwa mimi nakujua. Nimekandwa na kina mama wanaopasha mafuta ya nazi, kisha wakiufikia mshipa wenyewe unawataja babu zako mmoja mmoja kwa majina. Ukiinuka pale hakuna haja ya kuuliza kama umetibiwa. Basi nikabeba na taulo langu. Taulo lilirudi likiwa kavu. Ukienda kwa watu hawa huvui kitu zaidi ya koti, viatu na mkanda, na mafuta hakuna.

Chumba cha kusubiria kilijaa vichanga. Mgonjwa mwenye meno nilikuwa peke yangu, nayo meno yenyewe si yote. Akina mama wa hapa huwaleta watoto wanaolia usiku au wanaosumbua kunyonya, kwa imani kwamba kichwa kilibanwa wakati wa kuzaliwa na sasa kinataka kulegezwa. Ni imani tu, kwa sababu ushahidi wake ni mwembamba, hata wasimamizi wa matangazo ya biashara nchini humu hawaruhusu mtu atangaze kuwa anatibu mchango wa watoto kwa njia hiyo pasipo uthibitisho wa maana. Mama mmoja alinitazama, akatazama nyuma yangu, akawa anamtafuta mtoto niliyemleta.

Mtaalamu alikuwa binti wa umri wa kitindamimba wangu, na akaniita kwa jina langu la kwanza kama tuliosoma wote. Nikameza. Akaanza na maswali: maumivu yalikuja ghafla? Macho yanaona ukungu? Mkono unakufa ganzi? Nimepungua uzito? Akapima na presha. Hapo nilimpa heshima yake, maana ungejibu ndiyo kwa hayo, mahali pako ni hospitali na si kwenye kitanda chake. Isitoshe, nchi hii ina sheria ya mwaka 1993 kuhusu kazi hiyo, na mtu asiyesajiliwa na baraza lao akijiita mtaalamu wa osteopathi anashitakiwa.

Kisha maswali yakachepuka. Niliwahi kung'olewa jino? Nasaga meno usingizini? Niliwahi kuanguka? Nikamwambia niliwahi kuanguka kutoka juu ya mwembe, nikiwa darasa la pili, na akaandika kwa uzito kama vile mwembe bado unanidai. Halafu: nilizaliwaje?

Sasa mimi nitajuaje, nami siku hiyo nilikuwa na shughuli nyingine? Nikampigia dada yangu Tanga, simu iko hewani mbele ya mganga. "Mama alihangaika usiku kucha," akasema, "kichwa chako kiligoma kutoka. Kwani vipi, wanataka kukurudisha?" Nikamtafsiria mtaalamu nusu ya kwanza. Akafurahi sana, akaandika.

Nikalala chali. Akaketi upande wa kichwani, akaingiza viganja chini ya kisogo changu, akatulia. Nikangoja aanze. Nikangoja. Kumbe ameanza zamani. Kuna tawi moja la tiba za namna hii ambalo walimu wake wanasema mguso unaotakiwa ni wa gramu 5, uzito wa sarafu. Baadaye akahamishia mkono mmoja chini ya kiuno, pale uti wa mgongo unapoishia, akaniambia anasikiliza mwendo wa majimaji yanayozunguka ubongo. Mimi nilichosikia ni tumbo langu.

Niliporudi nikasoma chanzo cha tiba hiyo, maana ukishatoa pauni 60 una haki ya kujua nani wa kulaumiwa. Osteopathi yenyewe ni ya Mmarekani Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, William Garner Sutherland, alitazama mfupa wa upande wa fuvu, akaona kingo zake zimekatwa mshazari kama mashavu ya samaki, akakata shauri kwamba kama zimefanana na mashavu hayo basi na fuvu linapumua. Akajaribu miaka mingi kwa kujibana kichwa chake mwenyewe, na mwaka 1939 akatoa kitabu. Kabla ya hapo bwana huyo alikuwa mtu wa magazeti, na hilo limenieleza mengi. Sisi watu wa magazeti tukiona ukingo wa mfupa tunapata makala ya kurasa nne.

Wapinzani wanasema mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana kwa meno, haina pa kwenda. Wanasema pia kwamba wataalamu wawili wakimpima mtu yule yule hawasikii mwendo mmoja. Nikamsomea binti yangu hayo kwa sauti. "Baba," akasema, "lakini shingo inaendeleaje?"

Hapo ndipo ninapokereka. Mtaalamu alishaniandaa wakati wa kuaga: nikichoka jioni ni kawaida, mwili unajipanga. Kichwa kikiuma zaidi kidogo, nisishtuke, mwili unajipanga. Nikijisikia vizuri, tiba imeshika. Nisipohisi chochote, wengine huhitaji kurudi mara mbili tatu. Nimeishi nikishindwa mitihani, kesi za viwanja na hata bao la barazani, leo nakutana na kazi isiyo na mlango wa kushindwa! Fundi bomba angenipa masharti hayo ningemtoa na spana zake.

Shingo? Imelegea, nasema kweli. Lakini nililala pale kitandani fofofo, nikakoroma mpaka yule binti akaniamsha kwa kunigusa bega, na mguso huo ndio uliokuwa na nguvu kuliko yote ya siku ile. Kila mtu nyumbani ananiuliza kama imesaidia, na nikisema nimelala vizuri wanatazamana kwa ushindi.

Mkwe wangu ana kochi zuri sebuleni. Nimemwambia anipe saa moja ya kimya juu yake, nitamlipa pauni 30, viatu na mkanda nitavua mwenyewe. Amesema yeye hana neno, nizungumze na wajukuu. Wajukuu wanataka 40.